Nani Alishika Kalamu? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Vitabu vya Maisha ya Wanamuziki

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: vitabu vya maisha ya nyota wa muziki. Wapo wanaouliza waanzie wapi, wapo waliochoka njiani, na yupo mwalimu anayetaka kuvipeleka darasani. Tumezijibu tulizoweza, nyingine kwa urefu, nyingine kwa mkato.

SWALI: Muziki naupenda sana, lakini sijawahi kusoma kitabu cha mwanamuziki hata mmoja. Vingine naona vinaitwa tawasifu, vingine wasifu, vingine kumbukumbu. Vinatofautiana vipi, na nianze na kipi? *Mgeni wa Rafu*

JIBU: Kwenye tawasifu mtu anasimulia maisha yake mwenyewe tangu mwanzo. Kumbukumbu pia ni yeye, ila anakata kipande kimoja tu cha maisha, labda miaka mitano ya bendi au urafiki mmoja. Wasifu umeandikwa na mtu mwingine. Hiyo ndiyo tofauti ya darasani. Itakayokusaidia zaidi ni kujua nani alishika kalamu, na nani alikuwa na uwezo wa kufuta sentensi kabla kitabu hakijaenda kiwandani.

Mwimbaji wa roki Bruce Springsteen aliandika tawasifu yake ya 2016 mwenyewe, na unaisikia: sentensi ndefu za kihubiri, kama anavyoongea jukwaani. Mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis alisimulia, na mshairi Quincy Troupe akaandika, kikatoka kitabu cha 1989. Sauti ni ya Miles, matusi ni ya Miles, lakini mpangilio wa sura na mahali pa kukatiza kisa si vyake peke yake. Kusaidiwa kuandika si aibu. Mpiga tarumbeta hakusomea kupanga aya. Wewe jua tu kwamba unasoma watu wawili.

Utajuaje? Tazama kwanza ukurasa wa jina la kitabu: kama kuna neno "pamoja na" na jina dogo chini ya jina kubwa, umempata mwandishi mwenza. Kama halipo, nenda ukurasa wa hakimiliki. Majina mawili pale yana maana yake. La mwisho ni shukrani. Mtu anayeshukuriwa kwa "saa nyingi za mazungumzo" au kwa "kuyapa maneno yangu umbo" mara nyingi ndiye aliyeandika.

Kwa kuanzia, kumbukumbu ya Patti Smith iitwayo "Just Kids" (2010) inafaa hata kama huzijui nyimbo zake. Inahusu miaka yake na msanii Robert Mapplethorpe jijini New York, wote wawili hawana kitu, kabla ya umaarufu. Ilipata Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani mwaka ule ule. Na ukitaka Kiswahili kitupu, usikipite "Wasifu wa Siti binti Saad" wa Shaaban Robert. Ni kitabu chembamba juu ya mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, akiitwa Mtumwa, akafika hadi Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, na akafariki 1950. Kimeandikwa kwa mapenzi na heshima, kwa hiyo usitafute humo hesabu za mikataba wala ugomvi wa wanabendi. Utakachopata ni Kiswahili cha Shaaban, na mwandishi anayeamini kwamba mwimbaji anastahili kuandikiwa kitabu.

SWALI: Nimesoma kitabu alichokitoa mwimbaji wa jazi Billie Holiday, kisha nikasoma wasifu wake ulioandikwa na wengine. Vinapingana mpaka mahali alipozaliwa. Nimwamini nani? *Nimechanganyikiwa*

JIBU: Wahenga walisema msema pweke hakosi, na tawasifu ni msema pweke wa kurasa 300.

"Lady Sings the Blues" ya mwaka 1956, aliyoiandika na mwandishi wa habari William Dufty, inafungua kwa utani: wazazi walipooana baba alikuwa na miaka 18, mama 16, na yeye mwenyewe 3. Mlango mzuri wa kuingilia kitabu. Ila wazazi wake hawakuoana, na alizaliwa Philadelphia mwaka 1915. Baltimore anayoitaja ni mji aliokulia. Louis Armstrong naye aliishi maisha yake yote akisema alizaliwa tarehe 4 Julai 1900, siku ya uhuru wa Marekani, karne mpya ikibisha hodi. Alifariki mwaka 1971. Baadaye kumbukumbu za ubatizo za kanisa huko New Orleans zikaonyesha tarehe 4 Agosti 1901.

Makosa ya namna hii hayatoki chungu kimoja. Mengine ni usahaulifu wa kawaida. Mtu aliyelala hoteli tofauti kila usiku kwa miaka ishirini atachanganya ziara ya mwaka huu na ya mwaka ule; ndiyo maana mfuatano wa matukio ndicho kitu dhaifu kuliko vyote katika tawasifu. Mengine ni aibu, au huruma kwa walio hai. Mengine ni mkono wa wakili: aliye hai anaweza kushtaki, basi utakuta "meneja mmoja" asiye na jina, na sura inaruka miaka miwili bila maelezo. Ukiona pengo kama hilo, hapo ndipo pa kuchimba. Na mengine ni biashara tu. Kitabu kinachotoka pamoja na albamu au ziara mpya hakitagombana na watu ambao msanii anawahitaji mwezi ujao.

Kisa kinachofundisha kuliko vyote ni cha Aretha Franklin. Mwandishi David Ritz alimwandikia tawasifu, "From These Roots," mwaka 1999. Kikatoka kitabu kipole, mambo mazito yameguswa kwa ncha ya kidole. Mwaka 2014 Ritz huyo huyo akatoa wasifu, "Respect," safari hii bila idhini yake, akitumia mahojiano na ndugu na watu waliofanya naye kazi. Aretha alikikana hadharani. Visome vyote viwili. Mwandishi ni mmoja na mwimbaji ni mmoja, ila mwenye uwezo wa kufuta amebadilika, na picha nayo imebadilika. Lakini usidhani cha pili ndicho cha kweli moja kwa moja. Ndugu nao wana vinyongo vyao.

Chukua daftari, chora safu tatu: kitabu kinasema nini, nani kamwambia mwandishi, na ushahidi gani mwingine upo. Tarehe na mahali pa kuzaliwa, amini rejista. Tarehe za kurekodi, amini karatasi za studio, ambazo mara nyingi zimenakiliwa kwenye maelezo ya jalada la santuri au la toleo jipya la albamu. Ugomvi na fedha, tafuta mashahidi wawili kutoka kambi tofauti. Mambo ya moyo wake, hofu yake jukwaani, alivyojisikia mama yake alipofariki, mwachie mwenyewe. Hapo hakuna karatasi itakayomshinda.

Tahadhari moja: kuwa karibu na nyota si ushahidi tosha. Anton Schindler alikuwa katibu wa Beethoven na akaandika wasifu wake mwaka 1840. Kwa kuwa Beethoven alikuwa kiziwi, wageni waliandika maneno yao kwenye madaftari, na madaftari hayo yakaangukia mikononi mwa Schindler. Katika miaka ya 1970 watafiti walithibitisha kwamba aliingiza humo maneno yake mwenyewe baada ya Beethoven kufa, ili aonekane alikuwa rafiki wa ndani zaidi.

SWALI: Nikiwa mbele ya rafu yenye vitabu vitano juu ya msanii mmoja, nitajuaje kipi ni kizuri bila kuvisoma vyote? *Msomaji mwenye haraka*

JIBU: Dakika kumi zinatosha, na uanzie mwisho wa kitabu, si mwanzo. Jalada na sura ya kwanza vimepambwa ili vikuuze. Kurasa za nyuma hakuna anayezipamba.

Fungua faharasa, ile orodha ya majina na mada pamoja na kurasa zake. Wasifu mnene usio na faharasa ni dalili mbaya, maana mwandishi hataki urudi kumkagua. Tafuta kwanza albamu moja unayoijua vizuri, kisha watu wa nyuma: mpiga besi, fundi mitambo wa studio, mtunzi mwenza, mwanamke aliyeimba vibwagizo. Mwisho tafuta fedha: mkataba, meneja, mirabaha. Kitabu chenye kurasa 40 za mapenzi na ukurasa mmoja wa mikataba kinakueleza kilichomvutia mwandishi.

Sasa nenda kwenye ile albamu. Tuseme kitabu kinamhusu Miles Davis na umechagua "Kind of Blue." Kama aya inasema tu kwamba ilibadilisha muziki wa jazi milele, kirudishe mahali pake. Kitabu kizuri kitakwambia ilirekodiwa kwa siku mbili tu, 2 Machi na 22 Aprili 1959, katika studio ya Columbia ya mtaa wa 30 jijini New York. Kwamba wanamuziki walipewa rasimu fupi tu za nyimbo. Na kwamba kuna mzozo juu ya "Blue in Green," iliyosajiliwa kwa jina la Miles huku mpiga piano Bill Evans akisema aliitunga yeye. Mwandishi anayejua hayo amekaa na muziki. Asiyejua amekaa na magazeti.

Baada ya hapo fungua tanbihi, yaani maelezo ya habari zilikotoka, na orodha ya waliohojiwa. Nani hayupo? Wasifu wa bendi ambao mpiga dramu hakuhojiwa wala kunukuliwa kutoka mahali pengine una upande mmoja umezimwa.

Kisha soma ukurasa wowote wenye mazungumzo ndani ya alama za kunukuu. Watu wawili wanaongea chumbani miaka hamsini iliyopita, wote wamekufa, na hakuna tanbihi: mwandishi anatunga. Hata vitabu vizuri huteleza hapa. Wasifu wa mwimbaji wa roki Kurt Cobain ulioandikwa na Charles Cross, "Heavier Than Heaven" (2001), umejengwa juu ya mahojiano mengi, lakini unapofika saa za mwisho za Cobain, ambazo alikuwa peke yake, unasimulia kana kwamba mwandishi alikuwa chumbani. Wengi walimlaumu kwa hilo, na walikuwa na haki. Haina maana ukitupe kitabu kizima. Ina maana usome sura ile kama hadithi.

Bado mwaka wa kuchapishwa. Kilichotoka miezi michache baada ya kifo huwa ni magazeti yaliyoshonwa pamoja. Na tawasifu inaishia pale ilipoandikwa: ile ya kwanza ya Miriam Makeba ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa bado uhamishoni, kwa hiyo usiitafutie kurejea kwake Afrika Kusini mwaka 1990. Kurejea huko kumo katika kitabu cha 2004 alichokiandika na Nomsa Mwamuka.

SWALI: Kila nikianza vitabu hivi nakwama kwenye utoto. Babu alitoka wapi, bibi alipika nini, shule ya msingi. Nafika ukurasa wa 80 na mtu hajashika gitaa. Nifanye nini? *Nimekwama ukurasa wa 80*

JIBU: Ruka. Hakuna mahakama ya wasomaji.

Ila ruka kwa mpango. Chagua rekodi inayokufanya umpende msanii huyo, itafute kwenye faharasa, na anza na sura yenye rekodi hiyo. Isome sura hiyo na inayoifuata. Ukimaliza utakuwa na maswali: mbona anamwogopa baba yake, mbona kanisa linatajwa kila mara. Maswali hayo ndiyo yatakayokurudisha utotoni, na safari hii utausoma kwa kutafuta kitu. Utoto wa Springsteen, kwa mfano, ukiusoma mwanzoni ni mtaa na ndugu tu. Ukishafika anaposimulia huzuni iliyomwandama utu uzimani, unarudi kumtazama yule baba aliyekaa jikoni gizani kwa jicho jingine.

Wasanii wenyewe huruka. Bob Dylan katika "Chronicles: Volume One" (2004) anaanzia New York ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, anahamia albamu ya 1970, anarukia nyingine ya 1989, kisha anarudi alikoanzia. Miaka iliyomfanya awe Dylan haimo kabisa. Wanaokisoma wakitarajia mfuatano wa miaka hukasirika. Kisome kama vyumba vitano vya nyumba moja.

Zingatia pia ukubwa kabla hujaanza. Mark Lewisohn anaandika historia ya Beatles katika majuzuu matatu, la kwanza, "Tune In" (2013), lina zaidi ya kurasa 900 na linaishia Desemba 1962, miezi miwili tu baada ya santuri yao ndogo ya "Love Me Do." Ni kazi ya ajabu, na ni mahali pabaya pa kuanzia. Peter Guralnick aliugawa wasifu wa Elvis Presley sehemu mbili: "Last Train to Memphis" (1994), inayoishia 1958 mama amekufa na mwanawe anapelekwa Ujerumani na jeshi, na "Careless Love" (1999), inayosimulia kuporomoka. Wengi husoma ya kwanza kwa furaha na kuikwepa ya pili. Hatuwalaumu, lakini ya pili ndiyo inayoonyesha jinsi watu wanavyomla mtu akiwa hai.

Na soma muziki ukisikika. Weka orodha ya nyimbo za sura moja kwa wakati, nyimbo tano au sita tu. Sikiliza kwanza bila kitabu, soma sura, kisha sikiliza tena. Kusikiliza huku unasoma aya inayohusu wimbo huo huo hakufai; maneno ya kitabu na maneno ya wimbo yanapigana kichwani. Angalia pia unasikiliza toleo gani. Kwa miaka mingi upande wa kwanza wa "Kind of Blue" uliuzwa ukienda kasi kidogo kuliko ulivyopigwa, kwa sababu mashine iliyonasa siku ya kwanza ya kurekodi ilizunguka polepole. Kosa lilirekebishwa katika matoleo ya miaka ya 1990. Mwenye gitaa anayejaribu kupiga pamoja na santuri ya zamani atadhani nyuzi zake zimelegea.

SWALI: Ni kweli mwimbaji wa bluzi Robert Johnson alimuuzia shetani roho yake njia panda ili ajue gitaa? Kila kitabu kinasema. *Mpenda bluzi*

JIBU: Kila kitabu kinasema kwa sababu kila kitabu kimenakili kilichotangulia. Lisemwalo lipo, lakini hapa kilichopo ni uchache wa habari. Johnson aliacha nyimbo 29, zilizorekodiwa San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, na alikufa tarehe 16 Agosti 1938 akiwa na miaka 27. Cheti cha kifo chake kilipatikana miaka 30 baadaye, mwaka 1968. Pengo kubwa kama hilo lilijazwa na shetani. Aliyekitafuta cheti hicho, Gayle Dean Wardlow, aliandika na Bruce Conforth wasifu uliotoka 2019, na ndani yake Johnson anajifunza gitaa kama watu wote: kwa mwalimu, kwa kurudiarudia, kwa kukaa mbali na nyumbani mpaka vidole vikubali.

SWALI: Nafundisha vijana wa miaka 14 hadi 16 na ninataka kuanzisha mduara wa kusoma tawasifu za wanamuziki. Nahofia yaliyomo. Nifanyeje? *Mwalimu*

JIBU: Mwalimu, hofu yako ina msingi. Kitabu cha Miles kimejaa matusi, na ndani yake anakiri kuwapiga wanawake. Tina Turner, katika kitabu cha 1986 na kile cha 2018, anaeleza kipigo cha ndoa waziwazi. Dawa za kulevya zimo karibu kila mahali. Kitabu kisicho nazo huenda kimeficha kitu.

Usigawe kitabu kizima. Chagua sura mbili au tatu, zisome zote mwenyewe mpaka neno la mwisho, si kwa kupitisha macho. Tusi huwa linajificha katikati ya aya nzuri. Toa nakala za sura hizo peke yake ikiwa sheria za hakimiliki zinakuruhusu kwa matumizi ya darasani, au zisome kwa sauti. Vikao vinne vya saa moja na nusu vinatosha. Kikao cha kwanza wasikilize muziki tu na kuandika wanavyomdhania mtu huyo. Cha pili wasome sura ya utotoni. Cha tatu wasome sura ya rekodi moja. Kikao cha nne walinganishe tukio moja katika vitabu viwili, na hapa ndipo darasa linapochangamka: wakigundua kwamba mtu mkubwa anaweza kukosea tarehe yake ya kuzaliwa, wataanza kukagua kila kitu, pamoja na wewe.

Kitabu cha Siti kinaingia darasani bila wasiwasi. "Moonwalk" ya Michael Jackson (1988) nayo ni safi, tena kupita kiasi. Alikuwa hajafika miaka 30 na aliyoyaficha ni mengi kuliko aliyoyasema, lakini maelezo yake ya mazoezi na ya kurekodi yanawafaa sana vijana. Kama utaingiza sura ya Tina, waambie kabla, na mwachie njia ya kutoka yule ambaye nyumbani kwake kuna hayo.

SWALI: Nataka kumzawadia mzee wangu kitabu cha mwanamuziki. Anapenda sana muziki wa zamani lakini macho yamechoka na hana mazoea ya kusoma. *Mtoto wa mpenda santuri*

JIBU: Mpe cha kusikiliza, na hakikisha msomaji ni mwanamuziki mwenyewe. Springsteen alikisoma chake. Barbra Streisand alikisoma chake pia, anachomekea maneno yasiyomo kwenye karatasi, jambo linalopendeza kweli. Ila kina saa 48. Kwa saa moja kila siku ni karibu wiki saba. Kwa asiye na mazoea, tafuta cha saa 8 hadi 12. Jaribu sampuli ya dakika tano kwanza: sauti ikiwa ya kuchoka au ya kunong'ona, mzee atalala.

Na usimnunulie kitabu cha msanii anayempenda kuliko wote kabla hujajua kilichomo. Kumwambia mzee kwamba shujaa wake alikuwa mkatili kwa watoto wake ni zawadi ya ajabu. Msanii wa pili au wa tatu kwenye mapenzi yake ni salama zaidi.

SWALI: Nyota wa siku hizi wanaandika tawasifu wakiwa na miaka 25. Kuna maana kuzisoma? *Mzee wa kanda za kaseti*

JIBU: Zipo zinazostahili, hasa zisizojifanya tawasifu. Rapa Jay-Z, ingawa hakuwa tena kijana wa miaka 25, katika "Decoded" (2010) alichukua mashairi ya nyimbo zake na kuyafafanua mstari kwa mstari, maisha yakapita katikati. Msanii kijana anayeeleza jinsi anavyotunga anajua anachosema. Anayeeleza maana ya maisha, mpe miaka ishirini.

SWALI: Marafiki huniomba niwapendekezee vitabu hivi. Nikipendekeza hawavimalizi. Nakosea wapi? *Mpendekezaji*

JIBU: Pengine unapendekeza kwa kumtaja msanii, wakati mtu hukipenda kitabu kwa kisa. Kabla hujataja jina, uliza mambo matatu: kitabu cha mwisho alichokimaliza ni kipi, anapendelea kucheka au kuumia, na ana uvumilivu wa kurasa ngapi. Anayependa visa vya familia mpe Springsteen hata kama hapendi roki. Anayefuatilia kesi na mikataba mpe wasifu wenye tanbihi nene. Anayependa urafiki, Patti Smith.

Ukiandika pendekezo lako, maneno 150 yanatosha. Sema nani aliandika na kama alisaidiwa, kitabu kinaanzia mwaka gani na kinaishia wapi, kina kurasa ngapi. Taja sura moja bora na sura moja ya kuruka. Watu wakiona unakubali kitabu kina sura mbovu, wanakuamini kwa nyingine. Taja wimbo mmoja wa kusikiliza kabla ya kuanza. Onya kuhusu ukatili au matusi, kwa sentensi moja. Usisimulie kifo cha mtu wala kilele cha ugomvi, hata kama dunia nzima inajua. Na kama kitabu hakikukamilika, sema mapema: cha Prince, "The Beautiful Ones" (2019), kilikatizwa na kifo chake Aprili 2016, na kurasa alizoandika kwa mkono wake ni chache kati ya picha na karatasi nyingine. Anayedhani atapata maisha mazima atakurudishia lawama wewe.

Jambo jingine: pendekeza kwa jozi. Mpiga gitaa Eric Clapton alitoa tawasifu mwaka 2007, na Pattie Boyd, aliyekuwa mkewe na kabla ya hapo mke wa George Harrison wa Beatles, akatoa yake mwaka huo huo. Kila rafiki mpe kimoja, wakimaliza wabadilishane. Anayeanza na cha Pattie kwa kawaida humaliza vyote viwili. Anayeanza na cha Clapton humaliza kimoja, kisha anauliza maswali, na hapo unampa cha pili.